Jiwe la mistari halikuyeyuka: jibu kwa fundi wa Morogoro

Fundi mwashi mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi: "Shikamoo mtaalamu. Mawe mengi ninayojengea misingi yanatoka kwenye mito inayoshuka Uluguru. Yana mistari myeupe na myeusi, mengine yanametameta, mengine yana vidoa vyekundu. Binti yangu yuko kidato cha tatu, anasema hiyo ni miamba metamofiki, imebadilishwa na joto na kanieneo. Nikamuuliza: kama joto lilikuwa kali hivyo, mbona halikuyayeyusha? Akanyamaza. Naomba utufafanulie miamba hiyo hutokeaje na aina zake ni zipi, na kama Uluguru ilikuwa volkano. Na hayo yanayometameta ni nini? Maana vijana wa saiti wanadai ni dhahabu."

Marahaba, ndugu fundi. Binti asione haya kunyamaza. Swali lako limewahangaisha hata wakubwa, na wengi waliofaulu mtihani wa jiografia wangelikwepa. Ajabu ni kwamba jibu lake unalo wewe mwenyewe, unalishika kila siku.

Chukua tofali. Ukifyatua udongo na kuuanika juani, mvua ikinyesha unarudi kuwa tope. Ukilipanga tofali tanuruni na kulichoma, linatoka jekundu, linalia ukiligonga, na masika hayalifanyi kitu. Je, liliyeyuka? Hapana. Pembe zake ni zilezile ulizozitoa kwenye kalibu. Kilichobadilika kimo ndani: maji yaliyokuwa yamejishikiza kwenye chembe za mfinyanzi yamefukuzwa, chembe zimeshikana kwa namna mpya, chuma kilichomo kimegeuka rangi. Limeingia likiwa gumu, limebadilika likiwa gumu, limetoka likiwa gumu. Mwamba geu, ambao shuleni unaitwa metamofiki, ndio huo: jiwe lililobadilishwa madini yake na mpangilio wake bila kuyeyuka. Lingeyeyuka lote kisha likapoa, lingehama ukoo, likawa mwamba wa moto kama itale (granaiti) au bazalti, na kumbukumbu ya jinsi lilivyokuwa zamani ingefutika.

Tofauti na tanuru lako ni mbili. Ya kwanza ni muda. Wewe unachoma siku chache. Ardhi inachoma mamilioni ya miaka, na kwa muda huo hata atomu ndani ya jiwe gumu hupata nafasi ya kuhama kidogo kidogo, zikaacha fuwele moja na kujenga nyingine. Ya pili ni mgandamizo, yaani ile kanieneo aliyoitaja binti, ambao tofali lako halina.

Sasa kuhusu kuyeyuka. Unavyochimba kwenda chini, joto huongezeka. Katika kilomita za juu za gamba la dunia huongezeka wastani wa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita. Mabadiliko ya kweli huanza kati ya nyuzi 150 na 200. Miamba ya Uluguru, Usambara na Upare ilifika karibu nyuzi 800, chini ya mgandamizo unaokaribia mara 10,000 ya ule wa hewa tunayovuta. Kina chake? Kama kilomita 35. Yaani jiwe ulilolitia kwenye msingi wa choo cha mteja limewahi kukaa chini ya ardhi kwa umbali wa kama mara tatu ya kimo ambacho ndege ya abiria hupaa juu yetu.

Nyuzi 800 ni nyingi, lakini kuyeyuka kwa mwamba hakuamuliwi na joto peke yake. Kunaamuliwa pia na maji. Mwamba wa jamii ya itale wenye maji ndani yake huanza kulainika na kutoa matone karibu na nyuzi 650 hadi 700. Ukiwa mkavu, unavumilia mamia ya nyuzi zaidi. Na mwamba unaopashwa joto polepole hujikausha wenyewe, kama tofali linavyotoa mvuke kabla halijaiva. Ulipofika kwenye joto kali, maji mengi yalikwisha kuondoka, ukabaki mkavu na mgumu. Hiyo ndiyo sababu. Nikiri pia kwamba mpaka wenyewe si ukuta: kuna mawe yaliyoanza kuyeyuka kidogo, sehemu nyeupe ikawa majimaji na sehemu nyeusi ikabaki. Ukikuta jiwe ambalo mistari yake imejikunja na kujisokota kama nyuzi za ukili zilizochanganyika, yawezekana ni hilo. Tunaliita migmataiti. Ni nusu geu, nusu moto.

Hebu nije kwenye mistari yenyewe, maana ndiyo alama inayoonekana kuliko zote. Mwambie mama watoto akande unga wa chapati, atie humo punje chache za mchele mbichi, afanye donge. Ndani ya donge punje zimekaa ovyo, nyingine zimesimama, nyingine zimelala. Sasa asukume chapati. Ukiikata na kuitazama ubavuni, punje karibu zote zimelala upande mmoja. Hazikuamriwa, zimebanwa kutoka juu zikapata nafasi pembeni tu. Ndani ya mwamba, punje hizo ni madini bapa kama ulanga, au marefu kama honiblendi. Yale ya zamani hugeuzwa yakalala, na mapya huota yakiwa yamelala tayari, kwa kukingama na upande wa mbano. Joto likizidi, madini hujitenga, meupe kwa meupe na meusi kwa meusi, na hapo ndipo jiwe linapopata milia.

Watu wengi hudhani milia hiyo ni matabaka ya mchanga na tope yaliyojipanga majini hapo zamani. Mara chache ni kweli, mara nyingi si kweli. Mstari wa jiwe geu unaonyesha mbano ulitoka upande gani. Unaweza kukatiza kabisa matabaka ya kale.

Aina zake utazielewa vizuri zaidi ukifuata safari ya kitu kimoja kuliko ukikariri orodha. Fuata tope la kawaida la baharini. Likifukiwa na kukauka huwa jiwe la tope, ambalo bado ni mwamba mashapo, yaani wa tope na mchanga ulioshikana. Likianza kupikwa kidogo huwa sleti, jiwe gumu linalopasuka kwa mabamba membamba. Ulaya waliezekea nalo nyumba, na ubao mdogo wa kuandikia wa watoto wa shule wa zamani ulikuwa jiwe hilo hilo. Likiongezwa moto kidogo huwa filaiti, lenye mng'ao kama kitambaa cha hariri, kwa sababu vibamba vya ulanga vimeanza kukua ingawa jicho haliwezi kukihesabu kimoja kimoja. Mtu wa Karagwe, wa Rwanda au wa Burundi anazikanyaga filaiti kila siku shambani. Likizidi kupikwa huwa shisti: sasa ulanga unaonekana waziwazi, unaweza kuukwangua kwa ukucha, na madini mekundu yaitwayo ganeti huanza kuchomoza kama punje za mtama. Mwisho wa safari ni naisi, jiwe la milia mipana, gumu, ambalo ulanga wake umepungua na nafasi yake kushikwa na madini yaitwayo feldispa na kwatzi. Mawe yako mengi ya mtoni ni naisi, au ndugu yake aliyepikwa zaidi na kukauka zaidi, granulaiti. Vidoa vyekundu ni ganeti. Si kutu wala si rangi.

Kilichoanza si tope peke yake. Lava ya bazalti ikipitia safari kama hiyo kwa moto mdogo hugeuka jiwe la kijani. Ukanda wa Geita umejaa mawe hayo, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na ndiyo yanayobeba dhahabu ya Kanda ya Ziwa. Ikipikwa zaidi huwa amfibolaiti, jiwe jeusi zito. Mabaki ya viumbe yaliyochanganyika na tope hugeuka kinywe, ile kaboni laini ya kwenye penseli, inayopatikana Mahenge na Lindi. Mchanga safi hugeuka kwatzaiti. Hiyo haina mistari ya maana kwa sababu haina madini bapa ya kulaza. Punje za mchanga zimeshikana hadi nyundo ikilipasua jiwe, mpasuko hupita katikati ya punje, hauzunguki pembeni.

Kisha kuna marumaru, na hapa nikae kidogo, kwa sababu hapa fundi una jambo la kuuliza ambalo hukuliuliza.

Umewahi kuona tanuu la chokaa pwani? Matumbawe au mawe ya chokaa hupangwa juu ya kuni na magogo, yakachomwa, yakatoka yamelegea, unayamwagia maji yakafumuka kuwa unga wa kupakia ukuta. Ndivyo zilivyojengwa nyumba za Kilwa na Unguja. Kinachotokea ni kwamba karibu na nyuzi 900 jiwe linatoa hewa ya ukaa na kinachobaki ni chokaa hai. Sasa jiulize: jiwe hilo likifukiwa kilomita 30 chini na kupashwa joto, mbona halifumuki, bali hugeuka marumaru ngumu inayong'aa? Mskoti James Hall alijiuliza hivyo, na mwanzoni mwa karne ya 19 akafanya jambo la kifundi kabisa. Alishindilia chokaa iliyosagwa ndani ya mtutu wa bunduki, akauziba barabara, akautia motoni. Mitutu mingine ilipasuka. Iliyohimili, alipoifungua, hakukuta unga uliofumuka. Alikuta jiwe lililoshikana, lenye fuwele zinazometa. Hewa ya ukaa ilikosa pa kutokea, basi jiwe likajipanga upya badala ya kubomoka. Mgandamizo ulifanya kazi ya kizibo. Napenda jaribio hilo kuliko mengi ya vitabuni.

Marumaru ya kweli ipo kwetu Morogoro, upande wa mashariki wa Uluguru. Huko Matombo, na kusini zaidi Mahenge, ndani ya marumaru hiyo hupatikana vito vya rubi na spineli. Lakini ukienda dukani ukaomba marumaru, utapewa vigae vya udongo vilivyochomwa kiwandani na kupakwa kioo juu. Jina limehama, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwa wanaouza mabamba ya mawe ya jikoni. Kwao kila jiwe gumu lenye madoa ni granaiti, yaani itale, na mengi kati ya hayo ni naisi yenye milia inayoonekana kwa mita tano. Hilo halimdhuru mteja, naisi ni ngumu. Kinachomdhuru ni kuuziwa marumaru kwa jina la granaiti. Jaribu kwa kisu pembeni pasipoonekana: marumaru inachubuka, itale na naisi kisu huacha tu alama ya chuma. Au kamulia ndimu: marumaru itafanya povu dogo na ng'aro yake itakufa pale pale. Sasa fikiria jiko la Mswahili lisilo na ndimu.

Uluguru si volkano na haikuwahi kuwa. Volkano ni Kilimanjaro, Meru, Rungwe, Oldoinyo Lengai, na kwa kulinganisha na Uluguru hizo ni watoto wa juzi. Miaka kama milioni 640 iliyopita hapakuwa na Afrika kama tuijuavyo. Palikuwa na mabara kadhaa yanayosogeleana, na kati yao bahari iliyokuwa ikizibwa. Upande wa magharibi kilisimama kiini kigumu cha kale, ambacho leo kiko chini ya Dodoma, Tabora na Mwanza. Mabara yalipogongana, tope, mchanga, chokaa na lava vya kingo zake vilibanwa, vikakunjwa, vikasukumwa chini hadi ukoko, yaani gamba la dunia, ukawa mnene mno. Milima iliyoinuka juu yake huenda ilifanana na Himalaya ya leo. Mshono huo umetoka Msumbiji ukapita mashariki ya Tanzania na Kenya kuelekea Ethiopia na Arabuni. Mwanajiolojia Arthur Holmes ndiye aliyeupa jina la Ukanda wa Msumbiji, mwaka 1951. Pare, Usambara, Nguru, Uluguru, Taita, yote ni mizizi ya milima iliyokwisha kuliwa na mvua.

Mizizi imefikaje juu? Tazama jahazi linaloshusha shehena bandarini. Kila gunia likitoka, chombo kinapanda kidogo juu ya maji. Ukoko wa dunia umekaa juu ya miamba mizito ya chini kama chombo hicho. Mvua na mito ilipokula kilele, mzizi ulipanda. Ikala tena, ukapanda tena. Baadaye sana nyufa kubwa za ardhi ziliinua pande la Uluguru juu ya tambarare, ndiyo maana kilele cha Lupanga kimesimama ghafla hivyo juu ya mji wenu, zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari.

Utauliza: nani aliteremka kilomita 35 akapima? Hakuna aliyeteremka. Madini yenyewe ndiyo vipimajoto. Kuna madini matatu, kayanaiti, andalusaiti na silimanaiti, yenye viambato vilevile kwa kipimo kilekile, kama unga mmoja unaoweza kuwa chapati, maandazi au mkate kutegemea unavyoupika. Mgandamizo mkubwa hutoa kayanaiti, joto kali hutoa silimanaiti, vyote viwili vikiwa vidogo hutoa andalusaiti. Maabara zimepima mipaka yao, na hukutana kwenye kiasi cha nyuzi 500 na mgandamizo wa karibu mara 4,000 ya hewa. Ukimkuta mmoja ndani ya jiwe umejua eneo. Ukimkuta mmoja anamla mwenzake umejua safari. Kilima cha Murka huko Taita kiliwahi kuchimbwa kwa ajili ya kayanaiti tu. Na upande wa Isimani, mkoani Iringa, kuna eklojaiti, jiwe la ganeti nyekundu na madini ya kijani yaitwayo piroksini, lenye miaka kama bilioni 2. Jiwe hilo huundwa kwa mgandamizo mkubwa mno bila joto kupanda sana, yaani ukoko ulizamishwa haraka kabla haujawahi kuiva. Ni ushahidi kwamba mabamba makubwa yanayounda uso wa dunia yalikuwa yakizamana tangu zama hizo.

Hayo yote ni mageuzi ya eneo zima. Yapo pia mageuzi ya kugusana, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inapojipenyeza na kuchoma majirani zake. Ondoa mafiga jikoni uchimbe: udongo wa chini yake umekuwa mwekundu na mgumu, na sentimita chache pembeni ni udongo wa kawaida. Yapo ya kwenye nyufa, ambako mawe husagana hadi kuwa laini, na ya maji ya moto chini ya bahari. Hata kimondo hubadilisha mawe, kwa sekunde badala ya mamilioni ya miaka. Vredefort ya Afrika Kusini, palipopigwa na kimondo, ni shahidi. Kwa jiwe lako hayo hayakuhusu sana, nimeyataja kwa ajili ya mtihani wa binti.

Vito vingi vya Afrika Mashariki vimetoka kwenye ule mgongano wa mabara. Tanzanaiti ya Mirerani, iliyofahamika mwaka 1967, ni tope la kale lenye kinywe na kidogo cha metali iitwayo vanadi lililopikwa pamoja na chokaa. Vanadi ndiyo iliyoipa ubuluu. Mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo wa Mirerani, anayefuata miamba yenye kinywe chini ya ardhi anafuata, bila kuitwa mwanajiolojia, tope la bahari iliyozibwa kabla hakujawa na samaki.

Sasa saiti. Naisi ngumu ni jiwe zuri la msingi, endelea nalo. Ila lilaze kwa mistari yake, usilisimamishe. Mzigo ukikandamiza mistari iliyolala jiwe linatulia, ukiusimamisha linaweza kuchanika kama daftari. Jiwe unaloweza kulichambua vibamba kwa vidole ni shisti, tena yenye ulanga mwingi. Liweke kando, wala usilisage kokoto, maana vibamba vyake havishiki na saruji inavyopaswa.

Na vibamba hivyo ndivyo dhahabu ya vijana wako. Ni ulanga. Ule mweusi ukipigwa na mvua na jua miaka mingi hugeuka rangi ya shaba na kung'aa kweli kweli, umewahadaa wengi. Ule mweupe wa Uluguru ulikuwa na thamani yake, ulichimbwa tangu enzi za Wajerumani kwa kuwa unahimili moto na haupitishi umeme, lakini bei ya dhahabu haukuwahi kuifikia. Wape karai. Wasage jiwe, watie maji, wazungushe. Dhahabu ni nzito karibu mara 19 kuliko maji, itazama na kubaki kwenye kona ya chini hata wakizungusha mpaka mkono uchoke. Ulanga utabebwa na maji na kumwagika pamoja na tope. Kikibaki kitu cha njano kisichoondoka, kikigongwa kwa nyundo kinatandazika badala ya kuvunjika, hapo usiniandikie mimi, nenda ofisi ya madini ukakate leseni kabla vijana hawajakutangulia.